psql: mistari inajikunja, NULL haionekani

tanga_la_shela
Asalaam aleikum jamaa. Nina hifadhidata ya PostgreSQL 14, daftari la samaki wanaoshushwa madiko ya Lamu, naisoma kwa psql (programu yake ya kuandikia amri). Jedwali `mapokezi` lina safu 14: tarehe, diko, chombo, aina, kilo, bei, maelezo na nyinginezo. Naingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH, terminali ina upana wa herufi 100. Nikipiga `SELECT *` mistari inajikunja, kilo za nguru sizioni ziko chini ya kichwa kipi. Halafu `maelezo` ikiwa tupu sijui kama ni NULL (thamani haijawekwa kabisa) au ni maandishi matupu. Na 1250000 nataka nisome 1,250,000. Nifanyeje?

fundi_wa_langoni
Waaleikum salaam ndugu. NULL ndiyo rahisi:

`\pset null '[hamna]'`

Bila hiyo psql huiacha wazi, sawasawa na maandishi matupu. Kwa upana, piga `\x auto`: jibu likizidi skrini, kila rekodi inageuzwa kusimama wima, jina la safu kushoto na thamani kulia. Ukiihitaji mara moja tu, malizia swali kwa `\gx` badala ya nukta-mkato.

Tarakimu: `\pset numericlocale on`. Lakini inagusa kila safu ya namba. Mwaka uliohifadhiwa kama integer utasomeka 2,025, na namba ya simu ndiyo usiseme. Hilo likikukera, tumia `to_char(bei, 'FM999,999,990')` kwenye safu moja tu. Ila hapo inakuwa maandishi, basi itakaa kushoto.

mla_tafi
`\x auto` ni nzuri kwa rekodi moja. Kulinganisha bei ya changu siku 30 mfululizo, ni mateso. Weka hivi:

`\setenv PSQL_PAGER 'less -S'`

`less` ni programu ya kusomea matokeo marefu, na `-S` inazuia mistari kujikunja. Unasogea kwa mshale wa kulia na kushoto, `q` kutoka. Ukiichagua njia hii, `\x` iache `off`, la sivyo jibu litasimama wima kabla hujasogea popote.

Wengine watakwambia `\pset format wrapped`. Inakunja maandishi ndani ya safu yake, sawa, lakini vichwa haivikunji. Vichwa 14 vikizidi herufi 100 kwa jumla, hutaona tofauti yoyote na `aligned`, mpangilio wa kawaida. Wala usiombe safu zote 14, taja unazozitaka.

nahodha_wa_seva
Mkishayaweka hayo kwenye `~/.psqlrc`, faili la mipangilio ambalo psql husoma ikianza, ili yadumu, angalieni skripti za usiku. Tangu toleo la 9.6, `psql -c` (swali likiandikwa ndani ya amri yenyewe) nayo husoma faili hilo. Kwa hiyo CSV (faili la thamani zilizotenganishwa kwa mkato) inayotoka itabeba neno `[hamna]` mahali pa NULL, na bei itakuwa "1,250,000" ndani ya alama za nukuu. Anayeipokea kwenye programu nyingine ataikuta ni maandishi, wala hatajua kosa limetoka wapi. Kwenye skripti andika daima:

`psql -X --csv -c "SELECT ..." > mapokezi.csv`

`-X` inaruka psqlrc. `--csv` ipo kuanzia toleo la 12. Au tumia `\copy`, ambayo haijali `\pset` kabisa. Masharti yake ni kuandikwa yote kwenye mstari mmoja.

tanga_la_shela
Ahsanteni sana. `less -S` imenifaa. Ila nimeongeza `\pset border 2` na `\pset linestyle unicode`, mipaka inatoka herufi za ajabu.

mla_tafi
Terminali yako haisomi UTF-8, usimbaji wa herufi unaobeba hiyo mipaka. Badilisha usimbaji kwenye programu unayoingilia SSH, kisha piga `locale` kwenye seva uhakikishe `LC_CTYPE` inaishia na UTF-8. Ikishindikana rudi `\pset linestyle ascii`. Mipaka itakuwa ya vistari na alama za kujumlisha, haipendezi lakini inasomeka popote.