Tupeane uzoefu: picha za ndege Mida, Sabaki na Sokoke, huwa zinaharibikia wapi?

Keremkerem: Vitwitwi na sululu wamesharudi hori ya Mida, kule Watamu, lakini picha zinazoletwa humu nyingi ni vidoa vyeupe juu ya tope. Naanza na maji. Ndege wa Mida hawafuatwi, wanasubiriwa. Maji yakikupwa wako mbali katikati, hata lenzi ndefu ya milimita 600 haiwafikii. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, basi keti pembeni mwa mikoko tangu saa nane, maji yawasukume wenyewe hadi ulipo. Kila siku inayofuata, saa ya maji kujaa iongezee kama dakika 50. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, yasikusumbue, hayawasukumi vya kutosha.

MwanaMida: Kweli tupu. Na yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi: tope jeusi linaidanganya kamera, inaongeza mwanga, manyoya meupe yanaungua. Shusha theluthi mbili ya stopu. Jua likiwa kali, shusha moja nzima. Weupe ukishaungua hakuna programu ya kuurudisha.

Bajuni: Stopu, stopu! Semeni kitu watu waelewe.

MwanaMida: Bwana, kwenye kamera kumeandikwa −0.7. Geuza hapo, yatosha.

Pwanikwetu: Mlango wa mto Sabaki una shida yake. Ikifika saa tatu na nusu hivi mchanga umeshapata moto, hewa inacheza, heroe wanatoka kama wamechorwa na maji. Watu wanalaumu lenzi. Si lenzi, ni mazigazi, na ukivuta kwa mbali ndiyo yanazidi. Piga kati ya mapambazuko na saa tatu, au jisogeze. Shakwe akiruka, shata (kasi ya kupiga picha) iwe 1/2000 ya sekunde. Anayetembea majini, 1/1000 inatosha. Ila kabla hujalala kifudifudi ukingoni, tazama mtoni kwanza. Viboko wapo.

Chubwi: Mnaongea mwanga, mnasahau kinachoua kamera zenyewe. Msimu hata msimu ni mambo yale yale. Tripodi imesimamishwa kwenye tope, mguu mmoja unazama polepole, hakuna anayeona kwa sababu jicho liko kwenye kamera. Mkono ukiachia kidogo tu kutafuta chupa ya maji, lenzi nzito inavuta mbele, chubwi! Sasa hapo kuanguka si kosa. Kosa ni kuiwasha uone kama ni nzima. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji baridi ya kisimani. Betri ikiwa ndani, saketi inaungua papo hapo. Toa betri hata kabla hujapangusa tope. Kisha kadi. Kisha fungua lenzi, mdomo wa kamera utazame chini. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya kunywa, kikamue kwanza, rudia mara tatu. Mashine ya kukausha nywele usiiguse, joto linalegeza gundi na upepo wake unasukuma maji ndani. Fundi siku hiyo hiyo, na mwambie ni maji ya bahari, usimfiche.

Ngarawa: Zika kwenye mchele siku tatu, mambo yamekwisha.

Chubwi: Mchele hauli chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, na ndiyo inayokula waya. Tena vumbi la mchele linaingia kwenye vitufe.

Ngarawa: Simu ngapi zimepona kwa mchele!

Chubwi: Simu zilizoingia ndoo ya maji ya bomba, ndugu yangu. Bahari si ndoo.

Bajuni: Mchele wa pilau au wa kitumbua?

Keremkerem: Tripodi kwenye tope: refusha kwanza kile kipande chembamba cha chini kabisa, vifungo vikae juu ya maji. Wengi wanaanza na cha juu, kisha wanashangaa chumvi imekaza vifungo. Na viatu vya kufunga kamba, chaza wa kwenye mizizi ya mikoko wanachana nyayo.

Sange: Tuingie msituni basi. Sokoke tatizo ni giza, hata saa tano mchana. Usiogope kupandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200. Yule kibundi mdogo wa Sokoke analala kwenye vichaka vya upande wa udongo mwekundu, si kwenye mchanga mweupe. Nenda na waelekezaji wa msitu, wanajua matawi yake. Mweko zima. Na msimchezee sauti yake kwenye simu, anaacha mapumziko kumtafuta mpinzani ambaye hayupo. Na yule mnyama mdogo wa pua ndefu, sange wa kiuno cha dhahabu, usimfukuze: simama, sikiliza majani, shata iwe tayari.

Pwanikwetu: Sauti sekunde chache haina neno.

Sange: Wewe sekunde chache, gari la nyuma yako sekunde chache, na la tatu je?

Amu: Huku kwetu Lamu kazi ni botini. Usiegemeze lenzi ubavuni mwa boti injini ikiunguruma, picha zote zitatetema. Zima, tumia pondo. Visiwa vya Kiunga msimu wa kusi shakwe wametaga, msishuke. Mama akiruka, yai linaiva juani.

Ngarawa: Na ukungu kwenye lenzi asubuhi?

Keremkerem: Umelala na kiyoyozi. Iache kwenye mkoba uliofungwa nusu saa nje, ipate joto la nje ndipo uifungue.

Bajuni: Usije ukaizika kwenye mchele.