Plasta ya vijisindano yenye ganzi: ipo Mwanza? Mtoto wangu wa selimundu anaogopa sindano

Mama Kulwa, Igoma
Wakuu, mwangaluka. Kulwa wangu ana miaka 6 na ana selimundu (Doto, pacha wake, hana). Kila kliniki lazima atolewe damu. Mwaka jana alichomwa mara nne mshipa usionekane, na tangu siku hiyo daladala ikikata kona ya hospitali tu anaanza kutetemeka. Wiki iliyopita nilimtoa uvunguni mwa kitanda. Inaniumiza, maana safari hii ni ya maisha yake yote.

Nimesoma kuna plasta zenye sindano fupi kuliko milimita moja, zimebeba dawa ya ganzi, mtoto hasikii kitu. Dada mmoja muuza vipodozi mjini anasema anazo: rola ya vijisindano na krimu ya ganzi, elfu 35. Ninunue?

Mzee wa Kirumba
Pole mwanangu. Sisi tulikuwa tunaweka kipande cha barafu pale pa kuchomwa. Jaribu.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Kwa mtoto mwingine sawa, kwa huyu barafu hapana. Baridi hubana mishipa, na wenye selimundu inaweza kuwaamshia maumivu makali.

Mama Kulwa, rola usinunue! Siyo plasta uliyoisoma. Ngozi ya juu kabisa, ile iliyokufa, ina unene wa maikroni 10 hadi 20 tu (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), lakini ndiyo inayozuia dawa isipite. Vijisindano vya plasta vinaitoboa hiyo bila kufika kwenye neva nyingi za maumivu. Vingine vinayeyukia humohumo na kuacha dawa iliyopimwa. Lidokaini, dawa ya ganzi, imeshajaribiwa kwa njia hii, ila famasi zetu hutaikuta. Gambia walijaribu plasta kama hizo kwa chanjo ya surua na rubela, hadi kwa watoto wa miezi tisa, na matokeo yakatangazwa 2024. Kwa hiyo tumaini lipo.

Rola inatoboa matundu mamia, kisha unapaka krimu juu yake: nani anajua imeingia kiasi gani? Lidokaini ikizidi kwenye damu, midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, inafuata degedege, hata moyo unaweza kusimama.

Famasi Nyegezi
Naunga mkono. Ulizia krimu yenye dawa mbili za ganzi: lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5. Unapaka nene, unafunika kwa plasta ya nailoni, unasubiri saa nzima. Ukipaka dakika kumi kabla ya sindano umetupa hela. Lakini kwanza daktari aseme kama mtoto ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), kwa sababu prilokaini inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na wenye upungufu huo wako hatarini zaidi.

Baba wa Sengerema
Wangu ana miaka 9, tumepita hukohuko. Mnyweshe maji ya kutosha tangu alfajiri, mkono uwe wa moto, mshipa utaonekana. Mpakate, usikubali alazwe na kukandamizwa. Mpe apulize mapovu ya sabuni. Na omba kwa adabu: mtoa damu akikosea mara mbili, achome mwingine.

Mama Kulwa, Igoma
Mungu awabariki, nimelia kusoma haya. Rola naiacha. Kwenye kadi yake sioni G6PD, Jumatatu nauliza. Nikishakubaliwa, nimpake nyumbani? Foleni yetu mnaijua.

Nesi wa Zamu
Hapana, mpake ukishachukua namba, mikono yote miwili, maana hujui mshipa utapatikana wapi. Isikae zaidi ya masaa manne. Krimu yenyewe hubana mishipa kidogo, kwa hiyo ifute dakika kama kumi kabla ya kuitwa, umfunike mkono kwa kanga upate joto. Na Doto aje naye, amshike mkono wa pili.