Kunasa mgongano wa upepo wa bahari na wa bara kwa kamera ya nyumbani

Swali: Kamera yangu inatazama pwani na kupiga picha moja kila dakika, lakini mawingu hurukaruka katika video. Natamani sana kuona mahali upepo wa bahari unapokutana na ule wa bara. Nirekebishe nini?

Jibu la kwanza: Piga picha kila sekunde 10. Saa moja itakupa picha 360, yaani sekunde 12 za video yenye picha 30 kwa sekunde, na vilele vya mawingu vitaonekana vikichipuka.

Jibu la pili: Naongeza kwamba kamera ielekezwe bara, kwa kuwa hewa ya baharini, iliyo baridi na nzito zaidi, hupenya chini ya hewa yenye joto na kuisukuma juu, hivyo mstari wa mawingu hujitokeza juu ya nchi kavu huku anga la baharini mara nyingi likibaki wazi. Mvua ya radi ikinyesha karibu, hewa baridi inayoshuka nayo hutawanyika ardhini na inaweza kukutana na upepo wa bahari. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye mandhari bora kuliko yote, maana mawingu mapya huweza kuzuka papo hapo.

Jibu la tatu: Zima pia urekebishaji wa mwanga wa kiotomatiki, usije ukaona mwanga ukibadilika ghafla katika video ukadhani umeme wa radi umemulika.