Utafiti wa uzamili, uongozi wa chama na ajira: nipange vipi?

Mpimamaji: Wakuu, naomba ushauri. Nasoma uzamili, napima naitreti (kemikali yenye naitrojeni) kwenye maji ya visima. Pia ni katibu wa chama cha wanafunzi wa uzamili, na kazi hiyo naipenda kweli. Shida ni kwamba sampuli hazisubiri: zikikaa bila kupoozwa, bakteria hubadilisha kiwango cha naitreti. Vikao navyo huitishwa jioni ileile ninayotoka visimani. Nikimaliza nataka kazi ya maabara, si kufundisha. Niachie ukatibu?

Dada Mkemia: Usiachie, mdogo wangu. Omba vikao vihamishwe, maana sampuli huwezi kuziahirisha. Mimi nilimpelekea msimamizi wangu ratiba ya chama mwanzoni mwa muhula. Akauliza jambo moja tu: "Sura ya mbinu utaileta lini?" Tukapanga tarehe, basi.

Mzee wa Maabara: Kama lengo ni maabara, anza sasa kusoma ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji. Tunza rekodi za urekebishaji wa vifaa (kuhakikisha vinapima sawasawa), sampuli tupu (zisizo na naitreti, za kulinganishia) na vipimo vya kurudia kana kwamba mkaguzi anakuja kesho. Rekodi hizohizo zitaingia kwenye tasnifu, na kwenye usaili utakuwa na cha kueleza. Ukatibu uuweke kwenye wasifu. Maabara zinahitaji sana watu wanaojua kuandika kumbukumbu.

Mpimamaji: Asanteni sana. Leo nampigia mwenyekiti kuhusu siku ya vikao. Mzee, rekodi za sampuli tupu nianze na za msimu uliopita?