Kushusha Honda CRF250L kwa mtu mfupi: nianzie wapi?

Mwanamlima
Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki ya CRF250L, siti iko milimita 875 kutoka chini. Urefu wangu sentimita 163, mguu kwa ndani 75. Nikisimama nagusa lami kwa ncha za vidole tu. Barabara ikilala upande, mguu haufiki. Fundi anataka kukata springi ya nyuma mizunguko miwili. Nahitaji ishuke sentimita 5 hivi. Naombeni ushauri.

Spana17
Mkuu, usikubali ikatwe! Springi iliyopunguzwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi, ncha yake hailali vizuri kwenye kikombe kinachoishika, na tairi likining'inia springi inacheza. Kuichoma kwa gesi ndiyo mbaya kabisa, chuma kinapoteza nguvu na kinaendelea kulala.

Anza na siti. Toa kava, punguza sponji sentimita 2, kisha chonga kingo za mbele pale mapaja yanapopita. Hapo kwenye kingo ndipo penye faida kubwa, maana siti pana inatanua miguu na kukula urefu. Usiache sponji nyembamba sana juu ya plastiki, utaumia safari ndefu.

Kichuguu
Naongezea: kabla ya kununua chochote, pima pikipiki inavyolala ukikaa. Pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye fremu, tairi likiwa hewani, kisha ukiwa umepanda na mavazi yako yote ya kuendeshea. Tofauti inatakiwa iwe karibu theluthi ya mwendo wa tairi kupanda na kushuka, yaani kama sentimita 8 kwa pikipiki hii. Ikiwa ndogo, springi imekazwa kuliko uzito wako. Kuilegeza kunashusha bila kubadilisha kifaa.

Spana17
Zilizobaki sentimita 3 zitoke kwenye lingi, vile vyuma vinavyounganisha shokapu ya nyuma na mkono wa tairi. Tafuta vyuma vya lingi virefu vilivyotengenezwa kwa CRF250L. Weka jeki chini ya injini tairi la nyuma lining'inie, ndipo ufungue bolti, na paka grisi kwenye beringi. Ukimaliza, pima upya ulegevu wa cheni, kisha bonyeza nyuma hadi mwisho uone kama tairi linagusa madigadi.

Usishushe nyuma peke yake. Mbele itakuwa nyepesi, usukani mzito kukata kona, na taa itaangaza juu ya miti. Legeza vibano vya shokapu za mbele, pandisha mabomba milimita 20 hadi 25, pande zote sawasawa. Hakikisha hayagusi usukani, na tairi likipanda hadi mwisho halifiki kwenye madigadi. Vibano vya chini vikikazwa kupita kipimo vinabana bomba, shokapu inanata.

Mwanamlima
Nashukuru sana wakuu. Na stendi ya pembeni?

Kichuguu
Lazima ifupishwe, la sivyo pikipiki itasimama wima na upepo tu utaiangusha. Weka mbao za unene sawa chini ya matairi yote mawili, uongeze hadi ilale kama zamani. Unene wa mbao ndio wa kukata. Kata katikati ya bomba la stendi, siyo kwenye kiatu chake kinachokanyaga chini, na uweke kipande cha chuma ndani kabla ya kuchomelea. Chomoa waya wa betri kwanza.