Mrejesho: Tairi nimeshanunua

Wakuu, niliuliza ninunue wapi tairi nne za gari langu: dukani, mtandaoni au mtumba. Nimeishia dukani.

Mtumba niliuacha baada ya kufuata ushauri wa mmoja wenu, kusoma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT (namba ya kiwandani iliyo ubavuni mwa tairi), zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi ilikuwa na kashata (meno ya kukanyagia) nzuri na inang'aa (nadhani ilipakwa kitu), kumbe imeandikwa 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata tairi ikikaa stoo. Nikamrudishia mwenyewe.

Mtandaoni bei ilikuwa chini kweli, mpaka nilipojumlisha usafirishaji, kufunga, balansi na vali mpya. Tofauti ikabaki ndogo, na tarehe ya kutengenezwa muuzaji hakutaka kuitaja. Hapo nikakata shauri.

Dukani nilikagua zote kabla hazijafungwa. Kibandiko cha mlangoni mwa gari kinasema 195/65 R15 91H (91 ni namba ya uzito ambao tairi inabeba), fundi akataka kunipa za 88 akidai "ni zilezile tu, bosi". Si zilezile hata kidogo: 91 hubeba kilo 615 kwa tairi moja, 88 kilo 560. Alinuna, ila akazibadilisha.

Kosa langu ni moja, alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) niliiahirisha wiki tatu. Gari lilikuwa likivuta kushoto, na tairi mpya ya mbele ikaanza kulika ukingo wa ndani. Nimeifanya jana, sasa usukani umenyooka.