Umejiajiri na unafanyiwa upasuaji: pesa za wiki za kupumzika zitoke wapi?

CherehaniArua
Ndugu zangu, tuseme fundi cherehani au mtu wa bodaboda anasubiri upasuaji wa ngiri na daktari amesema asinyanyue kizito kwa wiki 6. Kati ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), bima, SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) na kikundi cha akiba, ipi itamlisha wiki hizo? Bili ya hospitali tuiache pembeni.

MafaoNaHaki
Kwanza lijulikane hili: Uganda hakuna fao la ugonjwa kwa aliyejiajiri. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mwajiriwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza akiugua, lakini mlipaji ni mwajiri. NSSF ina fao la kushindwa kufanya kazi daima, na ngiri inayopona haimo humo.

Kilichopo ni mlango wa marekebisho ya 2022 ya sheria ya NSSF: mwenye miaka 45 na zaidi, aliyechangia angalau miaka 10, anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Kwa mwenye ulemavu ni miaka 40 na asilimia 50. Kinachoangaliwa ni umri na miaka ya kuchangia. Hakikisha jina lililo NSSF linafanana herufi kwa herufi na la kitambulisho cha taifa, maana tofauti ndogo tu inaweza kukwamisha malipo ukiwa umelala kitandani.

BimaKwaLughaRahisi
Bima ya kulazwa hulipa kwa kila usiku wa wodini. Chukua mfano wa shilingi 50,000 kwa usiku: ukilala usiku 3 unapata 150,000, basi. Fundi anayeingiza 20,000 kwa siku, siku 6 za juma, kwa wiki 6 anapoteza 720,000. Pengo hilo la nyumbani bima hailioni. Bima ya ajali nayo ina malipo ya kila wiki kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, lakini iwe ajali kweli. Ngiri ni ugonjwa.

CherehaniArua
Na akikata bima leo, kabla ya tarehe ya upasuaji?

BimaKwaLughaRahisi
Amechelewa. Mikataba mingi ya bima ina kipindi cha kusubiri, na ugonjwa uliojulikana kabla hukataliwa. Akiuficha kwenye fomu, faili la hospitali litaonyesha tarehe ya kipimo cha kwanza, na dai litaanguka.

MwekaHazinaJinja
Kwa wiki 6, mimi naweka kikundi cha akiba mbele, ila kwa anayejua kinavyofanya kazi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo pesa hutoka siku ya mkutano tu. Omba kabla ya kulazwa, na mteue mwanachama wa kukupokelea. Mfuko wa jamii, yaani pesa za kikundi za kusaidia mwenye shida, una kikomo katika katiba ya kikundi, mara nyingi ni kidogo, na mwenye deni la michango hupewa mwisho au hapewi kabisa. Baada ya hapo kuna mkopo, kwa kawaida hadi mara tatu ya hisa zako, yaani akiba uliyoweka. Tazama kalenda pia: mzunguko ukikaribia kufungwa, mikopo husimamishwa ili pesa zirudi zigawanywe. Kama daktari anakubali kusogeza tarehe, upasuaji uje baada ya mgao, ukiwa na hisa zako mkononi.

KaratasiKwanza
SACCO msiitupe. Mwenye mkopo unaoendelea apeleke ombi la kusogeza marejesho *kabla* ya rejesho la kwanza kupita. Likishapita, wadhamini wanaanza kupigiwa simu na mazungumzo yanakuwa magumu. Bima iliyomo ndani ya mkopo kwa kawaida ni ya kifo na ulemavu wa kudumu. Isome, usiitegemee kwa mapumziko.

Kote huko wataomba karatasi. Fomu ya kuruhusiwa mara nyingi huandika aina ya upasuaji na tarehe ya kurudi kliniki, haisemi ni lini mtu ataweza kufanya kazi. Kabla ya kutoka wodini mwombe daktari aongeze mstari mmoja: "Asifanye kazi ya kunyanyua mizigo kwa wiki 6 kuanzia tarehe fulani", pamoja na jina lake, sahihi na muhuri. Piga nakala tatu. Ile ya asili ibaki nyumbani.

MafaoNaHaki
Na kwa asiye na lolote kati ya haya, NSSF inapokea akiba ya hiari kutoka kwa aliyejiajiri kupitia SmartLife Flexi, kuanzia shilingi 5,000. Haitasaidia upasuaji wa mwezi ujao. Soma masharti ya kutoa pesa kabla ya muda uliojiwekea, ndipo uchague kiasi.